Kwanza Paipu, Halafu Maji

Ukimkuta Karani ameinama juu ya paipu, usimsalimie. Hilo nililijua Jumamosi yangu ya kwanza Kitengela, nilipomwona nje ya ua wetu amepiga goti moja kwenye matope, gambuti nyeusi miguuni, sweta ya kijani iliyochomoka nyuzi kwenye viwiko. Nikamwamkia kwa heshima yote niliyofundishwa kwetu Magharibi mwa Kenya. Kimya. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikidhani hasikii vizuri. Akainua kidole kimoja bila kunitazama, akateremsha kamba ndani ya paipu, akatega sikio, akaivuta, akasoma namba mara mbili, akaiandika kwenye daftari na kulifunga. Ndipo akasimama, akajipangusa mkono kwenye sketi na kuninyooshea.

"Sasa. Habari ya asubuhi, mama? Ni nyinyi mmejenga hapa? Choo mmechimba wapi?"

Nina hasira za karibu, wote wanaonijua watakuambia. Niliingia ndani nikifoka. "Mtu ananinyima salamu, halafu anaulizia choo changu!" Mume wangu, Baba Nekesa, aliendelea kunywa chai yake. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile nilikuwa nimesalimiwa na mtu wa maana kuliko wote niliowahi kuishi nao jirani.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, hayo waulize wengine. Mimi namjua kuanzia kwenye gambuti kwenda juu. Aliitwa Karani kwa sababu alikuwa karani wa umwagiliaji katika shamba kubwa la nyanya na vitunguu lililopakana na ploti zetu. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuja kufanya utafiti hapo, wakatoboa ardhi na kusimika paipu tisa za plastiki, nyingine kando ya shamba, nyingine katikati ya ploti, kisha wakamwomba awapimie kimo cha maji kila Jumamosi. Walikaa misimu miwili ya mvua, wakapata walichotafuta, wakaenda zao na kifaa chao kilicholia kila kilipogusa maji. Yeye akaendelea. Nilipomuuliza kwa nini, alinishangaa kana kwamba mimi ndiye mwenye swali la ajabu.

"Waliniambia nipime. Kuna mtu amekuja kuniambia niwache?"

Kifaa alijitengenezea mwenyewe. Alichukua utepe mrefu wa fundi wa ujenzi, ule tuliouita kamba, akafunga kwenye ncha kifuniko cha shaba cha taa ya zamani, mdomo ukiangalia chini. Kikigusa maji kinasema "chubwi", tena kwa sauti ya wazi, ukitega sikio. Kikigonga udongo mkavu kinasema "ko". Hiyo "ko" aliichukia kuliko matusi.

Na ilikuwa haki yake kuichukia. Ploti zetu kumi na mbili zote zinategemea visima vya kuchimbwa kwa mkono. Ukichimba Kitengela kwa mashine, ukashuka chini kabisa, utapata maji, lakini mengi yana chumvi na yanatia meno ya watoto rangi ya chai. Maji yetu matamu yako juu, chini tu ya ule udongo mweusi unaonata, yamekalia tabaka la udongo mgumu. Karani alinieleza hayo jikoni kwangu, akitumia vyombo vyangu bila ruhusa.

"Hii maji yetu iko kwa sufuria," alisema, akajaza sufuria yangu ya ugali na kuiweka juu ya stuli. "Mvua ikinyesha, inajaa. Tukichota sana, inapungua. Hapa chini ya stuli ni kukavu. Halafu mbali huko, kwa sakafu, ndio kuna hiyo ingine ya chumvi. Sasa mtu akitoboa sufuria yangu, mimi na wewe tutakunywa nini?"

Tangu siku hiyo nilijua anachokilinda. Alikuwa analinda sufuria.

Hakuwa mtu rahisi. Neno alilolichukia baada ya "ko" ni "karibu", kwa maana ya kukadiria. Mwenye kisima akimwambia maji yake yako karibu mita nne, Karani alimjibu, "Karibu si namba. Karibu ni ya wageni." Basi watoto wetu wakawa wanamkaribisha chai kwa makusudi ili wamsikie akisema, naye akijua kabisa kwamba anachezewa, alisema hivyo hivyo kila mara. Chai yenyewe hakuinywa. Mtu aliyejua maji ya kila ploti kuliko wenyewe alikunywa soda ya machungwa, ya baridi, nyumba baada ya nyumba, na daktari alipomwonya kuhusu sukari alimwambia kwamba hilo litazungumzwa wakati mwingine.

Suala la salamu lilikaribia kuleta ugomvi mkubwa. Kulikuwa na mzee Mmasai aliyepitisha ng'ombe wake kando ya paipu namba tatu kila Jumamosi. Kwake, mtu mzima kunyamazia salamu si jambo dogo. Alimsalimu mara ya kwanza, akainuliwa kidole. Mara ya pili, kidole. Mara ya tatu akapiga fimbo chini na kutangaza kwamba huyu mama hakulelewa. Karani aliandika namba yake, akafunga daftari, akamfuata mpaka alipowapata ng'ombe.

"Mzee, pole. Nikikujibu nitasahau namba, na nikisahau namba nitaandika uongo. Wewe unataka salamu ya mtu mwongo?"

Mzee alifikiri. Wiki iliyofuata alikuja, akasimama hatua chache kando ya paipu akiegemea fimbo, akangoja. Daftari lilipofungwa akasema, "Takwenya!" Karani, aliyekuwa ameuliza jibu lake mapema kwa mwenye duka, akaitikia, "Iko!" Kuanzia hapo walisalimiana kwa zamu ndefu, mvua, ng'ombe, wajukuu, magonjwa, tena mvua, hata mtu akashangaa wanamaliza saa ngapi. Neno hilo la Kimaa alilipenda, akawa anatusalimia nalo sisi kina mama wote. Lakini baada ya daftari, si kabla.

Sasa lile la choo. Nilichukia swali lake mpaka nilipoona alivyojifanyia mwenyewe. Wale wanafunzi walimwachia kichupa cha vikaratasi vya kupimia, unachovya kwenye maji na vikigeuka waridi ujue mna uchafu wa mbolea au wa vyoo. Alivitumia kwa ubahili mkubwa. Siku moja kikaratasi cha paipu namba mbili kiligeuka waridi kabisa. Alilizunguka eneo lile akitafuta mwenye kosa, akiwa tayari kumfokea, na choo kilichokuwa karibu kuliko vyote kilikuwa chake. Alicheka peke yake pale, nilimsikia nikianika nguo. Kisha akakifukia wiki hiyo hiyo. Msimu mzima wa mvua, kabla hajachimba kingine upande wa chini, mama yule alivaa gambuti na kutembea mpaka choo cha kanisa, asubuhi na jioni, amebeba mwavuli. Waliokuwa wamekataa kuhamisha vyoo vyao walimwona akipita na mwavuli, na mmoja mmoja wakaanza kutafuta wachimbaji. Mimi nilikuwa wa tatu. Ningependa kusema nilikuwa wa kwanza.

Nikija kwenye jambo la paipu namba sita, naona haya mpaka leo, kwa sababu linatoka nyumbani kwangu.

Namba sita iko nje ya ua wetu. Karani alipima akiteremsha kamba kutoka kwenye mdomo wa paipu mpaka majini, na mwaka huo, kiangazi kikiendelea, namba sita ilianza kuonyesha maji yako juu, tena kwa zaidi ya shibiri moja. Alifurahi. Kikundi chetu cha kina mama kilikuwa kinajadili kama tuongeze vitalu vya vitunguu au tungoje mvua, tukamuuliza, naye akatuambia kwa uhakika, "Maji iko. Namba sita imepanda." Tukapanda. Baada ya wiki kadhaa ndoo zetu zilikuwa zinakwangua mawe, na miche ikakauka tukiiangalia. Maneno tuliyomsema hayafai kuandikwa. Yangu yalikuwa makali kuliko ya wengine.

Jumamosi hiyo alikuja namba sita na hakuteremsha kamba. Alipima paipu yenyewe, kutoka ardhini mpaka mdomoni. Akapima tena, akalinganisha na urefu walioandika wale wanafunzi mwanzoni mwa daftari. Akasimama, akazungusha macho taratibu, yakaishia kwenye ukingo wa paa letu, pale mfereji wa mabati unapoungana na paipu ya kushusha maji kwenye tangi.

"Mama Nekesa," aliniita kwa upole ulionitisha, "hicho kipande cha kijivu hapo kwa gata mlinunua wapi?"

Sikujua. Nikamwita Baba Nekesa. Alitoka, akaangalia juu, akaangalia chini, jasho likamtoka. Wageni wa ibada ya nyumbani walikuwa wanakuja, mfereji ulikuwa umeachana, unaning'inia mlangoni, naye akaona paipu imesimama tu pale nje, ndefu kupita kiasi. Akaikata juu kidogo kwa msumeno na kurudisha kifuniko vizuri. "Nilidhani kazi ni ya hapo chini," alisema. "Hapo juu niliona ni ya bure."

Mdomo ulikuwa umeshushwa, maji hayakuwa yamepanda hata ukucha. Nilingoja Karani amlipukie. Alimwambia apande ngazi akipime kile kipande, akaandika urefu wake, akaenda.

Kwenye mkutano wa kikundi alisimama mbele yetu na daftari. Hakumtaja Baba Nekesa, wala nyumba yetu, wala mfereji. "Nimepima maji kila Jumamosi," alisema. "Paipu sijawahi kuipima hata siku moja. Paipu ilikuwa imekuwa fupi, mimi nikawaambia maji imepanda. Miche yenu imekauka kwa sababu yangu. Kosa ni langu." Kisha akatoa kalamu nyekundu na kutuonyesha alichofanya. Kila namba mbaya ya wiki zile aliipigia mstari mmoja mwembamba, bado inasomeka, na kando yake akaandika iliyo sahihi. Juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa: KOSA. Chini yake maelezo ya jinsi lilivyotokea. Nilikaa nyuma nikitamani ardhi inimeze, kwa maana ni mimi niliyemsema kuliko wote.

Tangu hapo kila alipofika kwenye paipu alijiambia kwa sauti, "Kwanza paipu, halafu maji." Na daftari likapata safu ya pili, ya urefu wa paipu.

Niseme pia alikuwa na kiburi, ili nisimfanye malaika. Alipenda kusifiwa, na usipomsifu alijisifu. Kwa hiyo mtu anayependa kuonekana hakosei alikuwa ameamua kubeba kosa lake mwenyewe kwa wino mwekundu, kila Jumamosi, mbele ya yeyote aliyetaka kulifunua. Hilo mimi siliwezi, nilifikiri. Nilifikiri pia kwamba ukurasa ule utatuumiza siku moja.

Siku hiyo ilifika shamba lilipopata mmiliki mpya, naye akaleta mtambo wa kuchimba kisima kirefu. Walichimba siku nne, nyumba zetu zikitetemeka. Jumamosi ya pili baada ya hapo, kabla hata pampu haijafungwa, namba tatu iliyo karibu na mtambo ilishuka. Kisha namba nne. Kisha namba mbili. Zilifuatana kuja upande wetu, na wiki ya tano Karani aliteremsha kamba kwenye namba sita, nikiwa nimesimama naye, tukasikia sote: ko.

Sijawahi kumwona akiogopa ila siku hiyo. "Wametoboa sufuria," alisema.

Chifu aliitisha baraza, na afisa wa maji akaja kutoka Kajiado mjini. Meneja wa shamba alikuja na shati lililopigwa pasi na maneno laini. "Afisa, hii ni kiangazi tu, kila mahali kumekauka. Pampu yetu bado hata haijawashwa. Na hii evidence yao ni nini? Ni mama na kamba." Akaomba daftari, akalifungua huku na huku mpaka akafika pale nilipojua atafika. Akaliinua juu, watu wote waone wekundu. "Mwenyewe ameandika hapa. Kosa. Amekubali kwa mkono wake hajui kupima."

Watu walinung'unika. Nilihisi visima vyetu kumi na mbili vikipotea kwenye ukurasa ule. Ndipo mume wangu, mtu anayeniachia ugomvi wote wa nyumba hii na wa mtaa, akasimama na kofia mkononi.

"Hiyo paipu mimi ndio nilikata," alisema. "Kwa msumeno wangu. Nilitengeneza gata. Huyu mama alijua ni mimi, na mpaka leo hajanitaja mbele ya mtu yeyote. Ameweka kosa yangu kwa jina lake."

Afisa akalichukua daftari, akausoma ukurasa mwekundu wote, taratibu, kidole kikifuata mstari. "Mama," akamuuliza Karani, "mbona hukung'oa hii page? Hakuna mtu angejua."

"Nikiing'oa hiyo," alijibu, "hizi zingine utaziamini aje?"

Afisa alifunga daftari na kuomba aonyeshwe paipu. Tukamfuata msururu mzima, meneja nyuma kabisa na viatu vyake vya ngozi. Kwenye kila paipu Karani alipima urefu wa paipu, halafu maji, akataja namba, ndipo afisa akateremsha kifaa chake kinacholia. Zililingana, na mahali palipokuwa pakavu palikuwa pakavu kwa wote wawili. Kufika namba saba afisa aliacha kutumia cha kwake. Shamba liliamriwa kuziba kwa saruji nafasi yote iliyoachwa wazi kuzunguka paipu ya kisima chao, kuanzia kwenye lile tabaka gumu kupanda juu, kwa sababu humo ndimo maji yetu yalimokuwa yakitorokea. Mvua zilipokuja, sufuria ilijaa. Siku namba sita iliposema "chubwi" tena, Karani aliisoma namba mara tatu badala ya mbili, na mimi nililia bila aibu kando ya ua wangu.

Alihama Kitengela kwa sababu ya nyonga. Binti yake alimchukua Kajiado mjini. Kabla ya kuondoka aliniletea daftari, utepe wenye kifuniko cha shaba, na kalamu nyekundu.

"Mbona mimi?" nilimuuliza.

"Uko na hasira. Mtu wa hasira hasahau siku."

Nimepima tangu hapo. Mwezi uliopita tulisikia shamba linaomba kuchimba kisima cha pili, na yule afisa alituma ujumbe kwamba atakuja kulisoma daftari kabla hajaamua. Nilichukua siku moja ya likizo nikalipeleka Kajiado kwa Karani. Nilimwambia Baba Nekesa nakwenda kuomba ushauri. Ukweli nilikwenda kusifiwa.

Nilimkuta nje ya nyumba ya binti yake, kwenye kiti cha plastiki, soda ya machungwa pembeni. Amekonda. Nikafungua mdomo nimwamkie, akainua kidole. Nikampa daftari.

Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, akitikisa kichwa kwa kukubali, na mimi nikavimba kifua. Kisha akakoma kwenye ukurasa mmoja, akarudi nyuma, akaweka ukucha juu ya Jumamosi moja ya mvua ndefu.

"Hapa zote zimepanda sentimita mbili. Zote tisa?"

Nikaanza kuzihesabu upya kwa kidole.

"Maji haina adabu kama hiyo, Mama Nekesa."

Mimi ni muuguzi. Nimewafokea wasaidizi wangu wodini kwa kujaza chati ya joto la mgonjwa ambaye hawakumgusa. "Nilikuwa jikoni," nikasema. "Mvua ilikuwa kubwa. Nilikuwa nakaanga mandazi." Kisha nikajaribu kujitetea, nikamkumbusha kwamba afisa anakuja wiki ijayo, kwamba meneja naye atakuwepo, kwamba ni Jumamosi moja tu kati ya zote.

Hakubishana. Alielekeza kidevu kwenye mkoba wangu.

Nikatoa kalamu nyekundu. Nikazipigia namba zote tisa mstari mmoja, bado zinasomeka. Nikaandika juu yake KOSA, na chini: Sikupima. Nilikisia nikiwa jikoni. Nikaweka jina langu. Niliona aibu, lakini nilipotazama jina langu limekaa ndani ya daftari lile lile lenye jina lake, kwa wino ule ule, nilijivuna pia, na sitaki kulificha.

Alilivuta kwake, akausoma ule mstari kwa sauti mara mbili. Akalifunga. Akajipangusa mkono kwenye sketi na kuninyooshea.

"Sasa," alisema. "Takwenya, Mama Nekesa. Habari ya nyumbani?"

"Iko," nikaitikia, nikaushika ule mkono kwa mikono yangu yote miwili.